Mbwa wa chuma: polisi wapewe au wasipewe?

Kibuyu Wazi: Wakuu, polisi wa New York walimkodi Spot, mbwa-roboti wa kampuni ya Boston Dynamics, watu wakachachamaa, Aprili 2021 akarudishwa. 2023 meya Eric Adams akamrejesha. Roboti la miguu minne linalopanda ngazi, polisi wapewe au wasipewe? Msilete siasa.

Mpini: Wapewe. Nipo huku Massachusetts. Machi 2024, Barnstable, jamaa kajifungia ndani na bunduki, polisi wakatanguliza roboti kama hilo, likala risasi tatu. Ingekuwa askari? Wanaopinga ni walewale waliolililia lilipopigwa teke kwenye video ya kampuni ya 2015. Anayelilia chuma hajawahi kuchunga mbuzi.

Mama Chausiku: Mbuzi wameingiaje hapa? Nimechunga mpaka darasa la saba, sikuwahi kumpiga mbuzi teke. Mpige teke mwenye mimba uone baba mwenye mbuzi atakufanya nini.

Fundi Waya: Lile teke lilikuwa kipimo. Ubavu unasukumwa, miguu inateleza, kompyuta inapiga hesabu mguu utue wapi mwili usianguke. Marc Raibert, mwanzilishi wa Boston Dynamics, alianza na roboti la mguu mmoja, linarukaruka kama mtoto mchezoni, kampuni ikaja 1992. Msukume mbuzi mtelemkoni, naye atatapatapa hivyohivyo.

Mama Chausiku: Umsukume wa kwenu.

Jicho la Pembeni: Mnakimbia hoja. Pesa za mwanzo zilitoka jeshini, DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Lile punda lao la kubebea mizigo ya askari, roboti LS3, lilitupwa kando 2015 kwa sababu linanguruma, adui anakusikia kabla hujafika. Leo Google wanatuambia ni kwa usalama wetu?

Fundi Waya: Google waliuza zamani, mkuu. Wakachukua SoftBank, tangu 2021 ni Hyundai. Na 2022 Boston Dynamics na kampuni nyingine tano waliahidi hadharani kwamba hawataweka silaha kwenye roboti zao.

Jicho la Pembeni: Sawa, nimekosea mwenye duka. Lakini ahadi ya muuza duka ndiyo sheria? 2021 roboti la Ghost Robotics lilishaonyeshwa na bunduki mgongoni.

Mpini: Hiyo ni kampuni nyingine! Unamfunga jirani kwa kosa la jirani.

Jicho la Pembeni: Wewe umetufunga wote kwa mbuzi.

Baharia Mstaafu: Spot lilipoanza kuuzwa 2020 lilikuwa dola 74,500, chaji dakika 90 hivi. Kwa bei hiyo hata kubweka halibweki.

Mama Chausiku: Dakika 90! Mbuzi anazunguka kutwa kwa majani ya bure, jioni anakupa maziwa. Mpini, hilo lako linakamuliwa wapi?

Kibuyu Wazi: Jamani, niliuliza polisi.

Mpini: Polisi ngoja kwanza. Dada, mbuzi mwenye mimba mimi sikumtaja, rudi juu ukasome.