Kichina cha biashara na HSK (mtihani wa kimataifa wa Kichina): tupeane uzoefu, watu wanakwama wapi?

Mwaloni_Kirumba: Wadau wa Kanda ya Ziwa, vijana wenye HSK 4 (ngazi ya 4) wapo, ila wakiwekwa kati ya Mchina wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) na mzani wanababaika. Shida ni nini?

Mkalimani_Igoma: Shida ni jīn. Jīn 1 ni nusu kilo. Kilo ni gōngjīn. Mchina akisema jīn 1 ni sānshí wàn, hiyo ni laki 3. Mkalimani anamgeuzia mwenye mabondo "laki 3 kwa kilo". Huyu anataka laki 5, anafunga gunia anaondoka, kumbe alikuwa anapewa laki 6! Na hiyo wàn ni elfu 10. Laki ni shí wàn, milioni ni bǎi wàn. Anayepitia Kiingereza kwanza anapotea njiani. Hesabu kwa laki zako, zidisha kwa 10, umeshapata wàn.

Dagaa_Mkavu: Jīn ni jini kweli kweli.

Bi_Hanzi: Na mabondo yenyewe? Makavu huitwa huājiāo, 花胶. Ile pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimi nayo ni huājiāo, 花椒, toni zile zile. Mkiwa mezani mtaelewana, kwenye WeChat shauri yako. Tazama kushoto kwa herufi ya pili: 月 ni mabondo, 木 ni pilipili. Ndiyo maana nasema andikeni kwa mkono, kila herufi mara 20.

Nyegezi_Kona: Mara 20 za nini dada? Mtihani wa kompyuta unachapa pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini), unachagua herufi, kwisha.

Bi_Hanzi: Haya, chapa "mai". Zinakuja 买 na 卖. Chagua kwa pupa, uuze ulichotaka kununua.

Nyegezi_Kona: Mwenye msalaba kichwani ndiye anayeuza. Hilo nalo la kuandika mara 20?

Mwaloni_Kirumba: Jamani, mtihani.

Mkalimani_Igoma: HSK 4 ni maneno 1,200, maswali 100: kusikiliza 45, kusoma 40, kuandika 15. Alama 300, kufaulu 180. Wengi wanaangukia kusikiliza, maana HSK 3 sauti inarudiwa, ya 4 inapita mara 1 tu. Pitia majibu kabla sauti haijaanza. Swali likikuponyoka weka lolote, songa. Ukiling'ang'ania na linalofuata linakupita. Na jina la usajili liwe lile la pasipoti, herufi kwa herufi.

Capripoint_Juu: HSK ya nini kwa mfanyabiashara? Kuna BCT, mtihani wa Kichina cha biashara.

Bi_Hanzi: Chuo cha China kikiomba HSK utakipelekea BCT? Na kwa maombi ya chuo matokeo ya HSK yanahesabika miaka 2, msifanye mapema mkayaacha kabatini.

Capripoint_Juu: Nimesema mfanyabiashara, sijasema mwanafunzi. Huyo ajue dǎ bā zhé si punguzo la asilimia 80. Unalipa 80, unasamehewa 20. Na dìngjīn ziko mbili, zote "malipo ya awali" na sauti moja: 定金 ukivunja makubaliano imekwenda, 订金 kwa kawaida inarudi. Tazama herufi kwenye risiti kabla hujatoa hela.

Nyegezi_Kona: Basi Bi Hanzi ameshinda, naanza mara 20. Au 10.

Dagaa_Mkavu: Na dagaa wakavu je?

Bi_Hanzi: Xiǎo yúgān. Toni ya 3, ya 2, ya 1, kama unaanzisha mbio za mitumbwi.