Kumbe hapo ulikuwa HUJAWASHA FULU?! (mwenye gari unajijua)

Kipofu wa Muda

Wakuu, naandika nikiwa nimepaki pembeni, hazadi zinawaka, machozi yananitoka, na kila nikitazama simu kuna doa la zambarau limekalia herufi. Makosa ya uandishi mkamdai yeye.

Simtaji. Hakuna haja, mnamjua. Kila mwenye leseni humu ameshapishana naye. Gari limenyanyuliwa mpaka taa zipo usawa wa nyusi zangu, mbele kafunga vile vyeupe vinavyoelekea bluu, vya kuchomelea mageti, na anapita katikati ya mstari kwa sababu barabara karithi.

Sasa sikilizeni. Nimemwona tangu yuko huko mbali. Nikasema kasahau kuzima fulu, ile taa kali ya kumulika mbali, binadamu tunasahau. Nikampigia taa, kistaarabu kabisa, ile ya "ndugu yangu, shusha". Kimya. Nikampigia tena. Mnajua alinijibu nini?

AKAWASHA FULU.

Yaani muda wote ule nafumba jicho moja na kuinamisha kichwa, zile zilikuwa taa zake NDOGO. Fulu alikuwa bado kaiweka akiba!

Wakuu, niliona mifupa ya vidole vyangu kwenye usukani. Nikasoma namba ya injini kupitia boneti. Mbu waliokuwa kwenye dashibodi walitubu. Mstari wa pembeni ukapotea, mtaro ukapotea, kona yenyewe ikapotea, nikabaki naendesha kwa imani. Mnaosema "ni sekunde tu", pigeni hesabu: kwa spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Angekuwepo mtu na baiskeli yake pale, ningemwambia nini hakimu? "Mheshimiwa, nilikuwa ahera kidogo, nikarudi"?

Halafu akapita ananipigia honi. Mimi! Eti namsumbua!

Narudia kwa mliochelewa kuingia: mwanzo alikuwa HAJAWASHA FULU.

Wewe, najua umo humu na unasoma. Unatafuta nini huko mbele usiku wote huo? Sindano?

Kobe wa Lami

Nimewahi siti ya mbele. Zimeni taa, picha ianze.

Binti Usukani

Huyo namjua, pole sana kaka. Wewe una bahati alikuja kwa mbele, akapita, yakaisha. Mimi alinikaa NYUMA. Nikabonyeza kile kikono cha chini ya kioo cha ndani, kikapunguza. Sasa vya pembeni? Vya pembeni havina kikono! Nikiangalia kulia jua, nikiangalia kushoto jua. Nikapunguza mwendo apite, na yeye akapunguza. Nikaongeza, akaongeza. Mwisho nikakunja vioo vyote nikawa naendesha shingo imepinda upande. Mpaka leo watu wananiuliza nimelalia nini.

Mtoto wa Mjomba

mkuu samahani una miaka mingapi? isije ikawa tunamlaumu mwenye gari kumbe ni mtoto wa jicho

Kipofu wa Muda

@Mtoto wa Mjomba macho yangu ni mazima! Yalikuwa mazima mpaka alipowasha fulu! Ambayo, narudia, alikuwa hajaiwasha!

Mtoto wa Mjomba

sasa aliwasha au hakuwasha 😂😂

Fundi Nyaya

Naomba niwasaidie kabla hamjatoana roho. Huyo jamaa sihitaji kumwona, nawafungulia wenzake taa kila wiki.

Lile bakuli la taa limechongwa kwa ajili ya balbu ya waya. Waya unakaa sehemu moja, kamili kabisa, na bakuli linajua pa kuurushia ule mwanga: chini, barabarani. Mtu anatoa balbu ya waya anachomeka LED ya kichina yenye feni nyuma. Mwanga unatokea mahali pengine, bakuli halielewi, linarusha kokote: juu ya miti, machoni kwa watu, kwa majirani. Yeye akiangalia mbele anaona kweupeee anajisifu. Ukipima, umbali anaoona mbele mara nyingi haujaongezeka, kilichoongezeka ni weupe wa pale karibu na bampa.

Na msidhani wati ndiyo mwanga. Balbu ya waya ya kawaida, ile aina ya H7, ni wati 55, inatoa lumeni (kipimo cha mwanga) 1500 hivi. Xenon, ile balbu ya gesi isiyo na waya, ni wati 35 tu na inatoa kama 3200. Ndiyo maana xenon za kutoka kiwandani zinakuja na projekta, ile lenzi ya kukata mwanga kwa juu, na kwa kanuni za Ulaya lazima zijirekebishe zenyewe gari likipakia mzigo na ziwe na vifaa vya kuoshea taa. Huyu wenu kabeba mwanga, projekta kaacha dukani. Halafu akanyanyua gari na taa hakuzishusha. Kawaida mwanga unatakiwa ushuke sentimita 10 hivi kila mita 10. Wake unapanda.

Kinachonikera mimi sasa ni wateja. "Fundi nataka nyeupe." Nikimwambia nirekebishe kwanza hizi ulizonazo, zimefifia kwa sababu plastiki ya mbele imekuwa njano, zikisuguliwa tu zinarudi, ananiona sijasoma. Anaenda kwa kijana wa pembeni anafungiwa zile za bluu, mvua ikinyesha haoni hata mkono wake, anarudi KWANGU kulalamika!

Kona Kali

@Fundi Nyaya umesahau na yale magari yaliyoundwa kwa nchi zinazopita upande mwingine wa barabara. Taa ndogo ina kile kipande kinachopanda kidogo kumulika ukingoni, kusomea vibao. Gari likihamia kwetu wa upande mwingine, kile kipande kinammulika anayekuja. Mwenyewe wala hajui, taa ni za kiwandani, anaapa kwa mama yake kwamba hajagusa kitu.

Kipofu wa Muda

Wakuu nashukuru kwa somo ila huyu ALIGUSA. Aligusa swichi! Nimempigia taa akagusa swichi! Hiyo si projekta, hiyo ni roho mbaya.

Mzee wa Gia Tano

Vijana, zamani tulikuwa na taa za manjano mtu unapishana naye mnasalimiana. Wafaransa waliziweka kwa sheria tangu miaka ya 1930 wakazitumia mpaka 1993. Nani alilalamika?

Mtoto wa Mjomba

babu zamani taa zilikuwa hazimuliki kitu ndo maana mlikuwa hamlalamiki

Binti Usukani

Mzee wangu shikamoo. Mimi nilinunua ile miwani ya njano ya kuendeshea usiku baada ya ule mkasa. Yule nyuma yangu akabaki vilevile, ila mashimo sasa siyaoni.

Mzee wa Gia Tano

Marahaba mwanangu. Hiyo miwani itupe, inakupunguzia mwanga wote, mbaya na mzuri. Futa kioo cha mbele kwa NDANI. Ule ukungu wa mafuta ndio unatawanya taa za watu. Mwenye uzi naye akafute kwanza halafu arudi kutukana.

Kipofu wa Muda

Kioo changu kisafi mzee wangu, kwa heshima zote! Mbona mnanigeukia mimi?

Matairi Manne

Nasema ukweli japo nitapigwa mawe. Mimi ninazo hizo taa na sizitoi. Barabara giza, mstari umefutika tangu enzi, na watu wanatembea pembeni wamevaa nyeusi juu mpaka chini, simu sikioni. Mnataka niwaone kwa kibatari? Lalamikeni kuhusu hao kwanza.

Kona Kali

Hapo kwenye nyeusi naungana na wewe. Na baiskeli bila kiakisi! Kile kidude chekundu hakili mafuta wala betri, mtu anakibandua anampa mtoto achezee.

Kipofu wa Muda

@Matairi Manne WEWE. Ni wewe?? Gari lako limenyanyuliwa?

Matairi Manne

Kidogo tu.

Kobe wa Lami

Amepatikanaaa 🔥 nasogeza kiti

Matairi Manne

Sipiti huko usiku mkuu, tulia. Na mtu akinipigia taa mimi nashusha. Tena langu linashusha lenyewe.

Kona Kali

Hizo za kujishusha zenyewe ndizo balaa lingine! Kwenye kona haikuoni mpaka umeshafika mbele yake, ukishapofuka ndiyo inakumbuka adabu. Na ukipanda kilima hivyo hivyo. Afadhali zile za kisasa zinazozima kipande kile tu ulichopo wewe na kuacha kwingine kunawaka. Audi walikuja nazo kwenye A8 mwaka 2013, Wamarekani hadi 2022 ndiyo wanaziruhusu. Sisi tutazipata zikiwa zimekufa upande mmoja.

Binti Usukani

Umetaja kufa upande mmoja, na mimi wa JICHO MOJA nimwache? Unaona taa moja inakuja unasema pikipiki, unampa nafasi ya pikipiki, ghafla inatokea lori zima.

Mtoto wa Mjomba

na taa inayowaka inakuaga ya upande wa mtaroni. ya upande wako ndo imekufa. huwa wanachagua?

Mzee wa Gia Tano

Na wanaowasha taa za ukungu usiku mkavu, nyota zote zinaonekana. Ile nyekundu ya nyuma imewekwa iwe kali makusudi ili ionekane kwenye ukungu. Ukimfuata yeye unadhani kafunga breki tangu alipotoka kwake.

Kipofu wa Muda

Wakuu tusitoke kwenye mada. Mtu nimempigia taa, mara mbili, kumbe alikuwa hajawa

Kobe wa Lami

Tunajua mkuu. HAJAWASHA FULU. Tumesikia.

Kona Kali

Mimi bora hata huyo wa taa ya ukungu kuliko mtu asiyewasha indiketa kabisa. Kwenye kipilefti ndiyo utawajua. Umesimama unamsubiri azunguke, anatokea kwenye mkono wa kwanza, anakuangalia kwa dharau kwamba mbona hukuingia.

Matairi Manne

Indiketa ya kutokea kwenye kipilefti si lazima. Ukiliangalia gari unaona tairi linakata wapi.

Fundi Nyaya

Hee! Si lazima nani kakwambia? Tairi nitalionaje na zile taa zako zimenipiga usoni?

Binti Usukani

@Matairi Manne leseni uliipatia wapi, niende nikairudishie yangu.

Matairi Manne

Nimeendesha miaka sijagonga mtu.

Mtoto wa Mjomba

umejuaje kama nyuma wote wameshapofuka hawawezi kukusomea namba

Mzee wa Gia Tano

Indiketa ni lazima kuingia na kutoka. Mjadala umefungwa. Tuongelee wanaoiwasha baada ya kuwa wameshakata kona.

Dereva Mgeni

habari wadau, sijasoma komenti zote. mwenye mawasiliano ya huyo kijana anayefunga zile taa nyeupe anicheki inbox, namuulizia rafiki