Holland & Holland au Westley Richards: ipi itatunza akiba yangu?

Mvita wa Leicester:
Wanajamvi, salaam. Nataka kuitoa akiba yangu benki niiweke kwenye bunduki moja ya Kiingereza ya mitutu miwili, ya zile zilizotengenezewa tembo na nyati kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nimeonyeshwa mbili: Holland & Holland aina ya Royal, na Westley Richards ambayo mitambo yake ya kufyatulia huchomolewa kwa mkono. Bei hazipishani sana, na Ijumaa natakiwa nitoe jibu. Ipi itashika thamani?

Fundi Mstaafu:
Ndugu yangu, umetutajia waundaji ukaziacha bunduki zenyewe. Ni za kipimo gani cha risasi? Ni za baruti nyeusi au za kordaiti, ile baruti isiyo na moshi? Mitutu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani? Kasha lake la awali lipo? Na kabla ya hayo yote, cheti cha polisi unacho? Huko Uingereza unatakiwa kutoa sababu ya msingi kwa kila silaha.

Binti Pangani:
Mimi ni Westley Richards bila kusita. Ni watu wao, Anson na Deeley, waliobuni mwaka 1875 mtambo ulioigwa na karibu kila mtu, na mwaka 1897 kampuni ikaja na huu wa kuchomoka: unafungua kibao cha chini, unauvuta, unapachika wa akiba ukiwa porini. Kwenye Royal, sehemu kubwa ya fedha yako inakwenda kwenye jina la London na nakshi.

Mzee wa Same:
Binti yangu, jina nalo ni mali. Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuwa na Royal aliyozawadiwa na Waingereza.

Binti Pangani:
Shikamoo, mzee. Sifa za bunduki ya Roosevelt ni za bunduki ile moja tu, hazirithiwi na nyingine kwa kuwa zimetoka karakana moja.

Mzee wa Same:
Marahaba. Basi niache majina, nieleze kilichonikuta. Nilinunua ya .470 mnadani, nikiwa nimeiona kwa picha tu, mitutu ikiwa imepakwa rangi mpya ya samawati iliyokoza hadi inang'aa. Ilipofika, fundi aliining'iniza mitutu peke yake kwa kidole na kuigonga kwa ukucha, kama akina mama wanavyogonga chungu sokoni kabla ya kulipa. Badala ya kulia kama kengele, ikatoa mlio wa chungu chenye ufa: ule ukanda unaoiunganisha ulikuwa umeachia, na mtu ameulehemu upya ovyo kisha akaficha kazi yake kwa rangi. Tulipokwenda shabahani, kwa yadi 50 risasi ya kulia na ya kushoto zilipishana shubiri nzima, ilhali ustadi wote wa bunduki hizi, na gharama yake, uko katika kuifanya mitutu miwili ipige mahali pamoja. Baadaye barua ya waundaji, kutoka daftari zao za zamani, ikaonyesha kuwa ilizaliwa .450. Niliiuza kwa hasara ambayo mke wangu haijui hadi leo.

Fundi Mstaafu:
Pole, mzee. Lakini .450 isiyoguswa isingekuwa aibu. Kipimo hicho kilipigwa marufuku India na Sudani, ndipo zikashika soko .470 na .465 ya Holland ya mwaka 1907. Waliobadilisha mitutu kwa kufuata soko ndio walioharibu mali.

Mvita wa Leicester:
Royal ni .465, Westley ni .470. Cheti nilicho nacho ni cha bunduki ya marisau.

Fundi Mstaafu:
Hicho hakikuruhusu kumiliki hata moja kati ya hizo. Ijumaa iahirishe.

Binti Pangani:
Mitutu umeigonga lakini?

Mvita wa Leicester:
Muuzaji anasema nitaigonga nikishalipa amana.