Jaribio la Viking kwa chupa na hamira: Eno inawashinda wadudu, nifanyeje?

Ticha_Klabu
Wakuu, naombeni ushauri. Klabu ya sayansi, kidato cha pili, tunaiga jaribio la 1976 la kutafuta uhai Mars: Viking, vyombo vya anga vya NASA, vilitia chakula cha majimaji kwenye udongo wa huko na kupima kama gesi itatoka. Chupa 3 za nusu lita, puto mdomoni: A mchanga na hamira, B mchanga na Eno, C mchanga mtupu. Zote zinatiwa maji ya sukari. B inajaa papo hapo, A imelala tu, C inaanza kuvimba kesho yake. Wanafunzi wanasema Eno ndiyo hai! Kosa liko wapi?

Kichuguu
A: maji ni ya moto mno. Hamira ikifika kama 55°C imekwisha. Changanya kikombe 1 cha maji yanayochemka na 4 vya maji ya kawaida, utapata karibu 40°C. Kila chupa ml 150, sukari vijiko 2 vya chai, mchanga nusu glasi. Hamira au Eno kijiko 1. Subiri dakika 20 kabla hujaikatia tamaa. Mchanga wa ufukweni achana nao: chumvi inaidumaza hamira, na vipande vya makombe vinatoa povu vikikutana na asidi ya Eno.

C: mchanga wa mtoni una bakteria wake. Kuukaanga jikoni hakutoshi, spora (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu) zinavumilia. Ulowanishe, utie kwenye chupa ya kioo, funika kwa foili, kisha preshakuka dakika 45. Hata hivyo puto nalo lina vijidudu, kwa hiyo maliza vipimo siku hiyohiyo.

Bi_Maabara
Mwalimu, usihukumu kwa ukubwa wa puto, hukumu kwa saa. Kila dakika 5 zungushia puto uzi, pima kwa rula, chora grafu. B hupanda ndani ya dakika moja kisha inalala. A inapanda taratibu na haikomi.

Baada ya saa moja tikisa chupa zote (gesi iliyobaki majini itakudanganya), vua puto, ongeza sukari, rudisha puto. A itajaza tena, B kimya. Hapo ndipo matumaini ya Viking yalipokwama: dozi ya kwanza ya chakula ilitoa gesi haraka, ya pili haikuongeza kitu, na sehemu ya gesi ikanywewa na udongo.

Ticha_Klabu
Asante sana. Na chupa ya kupashwa joto, kama wao?

UdongoMwekundu
Wao walipasha 160°C kwa saa 3, gesi ikakoma. Ila joto hilo huua kiumbe na huvunja kemikali dhaifu pia. Hata bikaboneti ya Eno huanza kupoteza gesi yake chini ya 100°C. Kwa hiyo 160 peke yake haiamui kesi. Kilicho kigumu zaidi kukieleza kwa kemikali pekee ni kwamba karibu 50°C tu gesi ya Mars ilipungua sana, na Gilbert Levin, mwenye jaribio, alishikilia hadi kufa kwake 2021 kwamba aliona uhai.

Jambo moja nisiloliafiki kwenye B: gesi ya Eno inatoka kwenye Eno yenyewe. Viking ilihesabu kaboni ya mionzi iliyotiwa kwenye chakula, yaani kitu fulani kilikichoma chakula chenyewe. Mwaka 2008 Phoenix, chombo kingine cha NASA, ilikuta pakloreti (chumvi ya klorini na oksijeni) kwenye udongo wa Mars, na mionzi ikiipiga hutoa vioksidishaji, yaani kemikali za kuchoma vitu kama chakula, vinavyoweza kazi hiyo. Kwenye bango waandike "B ni kemikali bila uhai", wasiandike "B ni Mars".