Doksi za chunusi: maduka ya dawa yaendelee kuuza bila cheti?

Kaunta_Dar
Wakuu, salaam. Nipo duka la dawa hapa Dar na jambo hili linaninyima raha. Kila wiki wanakuja vijana, wengi wasichana wa chuo, wanataka doksi za chunusi, yaani vidonge vya antibayotiki ya doksisaiklini. Cheti cha daktari hawana. Hawaulizi kama dawa inawafaa, wanauliza bei tu. Ukimnyima anavuka barabara, anapewa kwa jirani.

Sibishi kwamba doksisaiklini ya miligramu 100 kwa siku inasaidia chunusi za wastani na zile kali. Inasaidia. Lakini haitakiwi kumezwa peke yake, inakwenda na dawa ya kupaka, yaani benzoili peroksidi, adapalini au zote mbili, na miezi mitatu au minne inatosha. Huku kwetu mtu anameza doksi tupu, uso ukitulia anaacha, chunusi zikirudi anaanza upya, na mwaka unakatika hivyo hivyo. Halafu dawa hiyo hiyo ndiyo tunayoitegemea kwenye kipindupindu na brusela, ule ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Kwa sheria antibayotiki ni dawa za cheti. Mimi nasema tugome, bila cheti hakuna doksi. Nyie mnaonaje?

BintiMzigua
Mleta mada, hapo pa "wanauliza bei tu" umenikera sana. Nauliza bei kwa sababu ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa kaunta huwa ananijibu! Chunusi zangu si za kutumbua. Ni mabonge ya chini ya ngozi, ukilala ubavu unaamka na maumivu, na kila moja ikiondoka inaacha doa jeusi la miezi. Nilikwenda hospitali na bima yangu. Aliyenihudumia hakuinua kichwa kuniangalia usoni, akaniandikia antibayotiki ya siku tatu, nikaondoka. Cheti nikawa nacho. Kilinisaidia nini? Usiniambie kuhusu cheti, niambie kuhusu mtu atakayeniangalia.

Mzee_wa_Pangani
Wanangu, chunusi ni damu ya ujana. Zamani binti alipakwa liwa, akanywa maji mengi, akiolewa zinakwisha zenyewe. Hayo madawa ya hospitali kwa uso tu ni kujitafutia maradhi ya figo.

BintiMzigua
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hilo la kuolewa nimelisikia mpaka nimechoka. Shangazi yangu ana watoto wanne na bado kidevuni kumejaa. Maneno hayo ndiyo yanayotufanya tujifiche na kumeza dawa kimyakimya, maana ukiuliza unaambiwa tafuta mume. Na unajua wengine wanasikia nini hapo? Wanasikia kwamba wewe ni mchafu.

Mzee_wa_Pangani
Marahaba mwanangu. Uchafu sikuutaja mimi, usinisingizie. Nimetaja liwa.

Famasia_Usiku
Hili la figo lisipite hivi hivi. Kuna ukweli wa zamani ndani yake. Miaka ya 1960 watu waliumia figo kwa kumeza tetrasaiklini, dawa ya jamii moja na doksi, iliyokwisha muda, dawa imechakaa na kuharibika. Doksi ya sasa, isiyopita muda wake, kwa mtu mzima mwenye afya, si kesi hiyo. Kwa hiyo angalia tarehe kwenye pakiti na usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye kopo na kufungiwa kwenye karatasi.

Ila mleta mada ana hoja moja nzito ambayo mmeiruka. Anayeuza bila cheti haulizi, "Dada, una ujauzito?" Dawa za jamii hii hazifai kwa mjamzito wala kwa mtoto wa chini ya miaka minane. Zinaingia kwenye meno yanayokua, na meno yanatoka na rangi ya njano au kahawia ambayo mswaki hauitoi. Binti anakuja kutafuta uzuri wa uso, anauziwa hatari ya mtoto aliye tumboni, na hakuna aliyemuuliza swali moja.

Mbongo_Leeds
Niwape ya huku niliko. Mdogo wangu wa kike alipewa limesaiklini, ni ndugu ya doksi, pamoja na jeli yenye adapalini na benzoili peroksidi. Daktari akamwambia wazi, wiki 12 tunaangalia, ikitosha vidonge tunakata, jeli unaendelea nayo. Mwongozo wao wa Uingereza wa 2021 ndivyo unavyosema, wiki 12 halafu tathmini, na antibayotiki peke yake hairuhusiwi. Alilia siku walipokata vidonge, akidhani uso utarudi kule kule. Jeli ikashika.

Mpanda_Yetu
Leeds! Ndugu yangu, mimi nipo Katavi. Hiyo jeli hapa haipo, na ikiletwa kutoka Dar bei yake inafukuza. Pakiti ya doksi nainunua chini ya bei ya chipsi mayai. Daktari wa ngozi tunasikia yupo Muhimbili, au kile chuo cha ngozi pale KCMC Moshi, kipo tangu 1992 na kinafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Kizuri sana, lakini nauli ya kwenda na kurudi Moshi nani ananilipia kwa ajili ya chunusi? Mkigoma nyie wa Dar mnatugomea sisi wa mikoani. Msituwekee masharti ya Ulaya.

Mbongo_Leeds
Sijaweka masharti. Nimeeleza kilichotokea.

Ngosha_Halisi
Mnawaonea wasichana bure. Mnataka kujua usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea dawa, unatoka wapi? Waulizeni wafugaji wa kuku. Kuku wa kisasa anakunywa antibayotiki tangu siku ya kwanza anapotoka kwenye boksi mpaka siku anapochinjwa. Binti anameza kidonge kimoja, mfugaji anakoroga ndoo nzima. Halafu tunabanana hapa na mabonge ya mashavuni!

Kibaha_Mayai
Ngosha, chunga mdomo. Mimi ni mfugaji na sijawahi kukoroga dawa tangu siku ya kwanza mpaka kuchinjwa. Unajua bei ya dawa wewe? Ukiwapa kuku dawa kila siku unafilisika kabla hawajaanza kutaga.

Vifaranga wanapofika wanapewa glukosi na vitamini. Oksitetrasaiklini, jamii ile ile ya doksi, inaingia pale tu mafua yanapopiga banda, wanakoroma usiku, macho yanavimba. Ule unga unageuza maji kuwa ya njano, hata ukitaka kuficha huwezi. Naandika kwenye daftari tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mayai ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti hayaendi sokoni. Nafukia. Umewahi kufukia trei za mayai huku mama watoto anakuangalia? Usimwage maneno juu ya kazi ya watu.

Mama_Lishe_Temeke
Kaka wa Kibaha, wewe labda unafukia. Sisi tunaonunua mayai kila alfajiri hatujawahi kusikia muuzaji akisema leo hakuna mayai, kuku wapo kwenye dozi. Tangu nianze biashara, hata mara moja. Mayai yapo kila siku ya Mungu. Wewe unaona hao kuku wagonjwa wote wanafukiwa mayai yao?

Kibaha_Mayai
Mama, usinihukumu kwa makosa ya wachuuzi. Mimi nauza kwa watu wangu ninaowajua.

Ngosha_Halisi
Mama Lishe kamaliza. Hoja imekufa.

Bwana_Mifugo
Haijafa, ndugu Ngosha. Hili ndilo eneo langu. Ni kweli duniani tetrasaiklini ni miongoni mwa antibayotiki zinazotumika kwa wingi zaidi kwa mifugo. Ni kweli pia wenzetu wamebana. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia 2006. Marekani iliondoa antibayotiki ya enrofloksasini kwenye kuku 2005, kwa sababu vimelea vya kuharisha kwa binadamu vilikuwa vinakuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo. China nayo iliacha kuweka kolistini, antibayotiki nyingine, kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kukuza baada ya jeni la usugu kugunduliwa kwa nguruwe na kutangazwa 2015. Kwa hiyo mifugo inahusika, hakuna ubishi.

Lakini kosa la bandani halifuti kosa la kaunta. Mnatumia kuku kama ngao. Na Kibaha, unaposema mafua ya kuku, mengine ni virusi, na hayo oksitetrasaiklini haiyagusi. Ulimwita mtaalamu kabla ya kukoroga?

Kibaha_Mayai
Mtaalamu wa kata yetu anahudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja. Nikimsubiri nahesabu mizoga. Ninyi wote mnaongea kama vile kila mtu ana daktari mlangoni.

Mpanda_Yetu
Umeona? Kibaha kasema jambo lile lile ninalolisema mimi kuhusu uso. Kinachokosekana ni mtu wa kukuangalia, kwa kuku na kwa binadamu.

Kaunta_Dar
Jamani turudi kwenye mada. Swali lilikuwa doksi za chunusi na cheti.

Wanaosema kidonge kimoja cha binti hakina madhara, sikilizeni. Kidonge hakiendi usoni peke yake. Kinapita kooni, tumboni, kwenye utumbo, na kila kimelea kinachokutana nacho kinajifunza. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa chunusi Uingereza, na waliotumia antibayotiki kwa muda mrefu walipata maambukizi ya njia ya hewa takriban mara mbili ya wasiotumia. Na vijidudu vya chunusi vyenyewe vimekuwa vikionyesha usugu tangu miaka ya 1970, hasa kwa erithromaisini, antibayotiki nyingine. Benzoili peroksidi ndiyo inayovizuia visizoee dawa. Ndiyo maana nang'ang'ania ya kupaka.

Dada_Kinondoni
Samahani kwa kuingilia. Nipo kwenye doksi sasa hivi. Jana usiku nilimeza bila maji nikiwa kitandani, tangu usiku kifua kinawaka moto katikati, hata mate yanauma kumeza. Na mwenzangu wa bweni anasema doksi inaua nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ni kweli?

Famasia_Usiku
Mdogo wangu, kidonge kimekwama kwenye umio na kinauchoma. Doksi inajulikana kwa hilo. Usimeze kingine leo, kunywa maji, kula vilaini, na maumivu yakizidi au ukishindwa kumeza nenda hospitali leo leo, usingoje kesho. Ukiruhusiwa kuendelea, meza ukiwa umekaa au umesimama, na glasi nzima ya maji, pamoja na chakula, na usilale kwa angalau nusu saa. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia usichanganye navyo, vinazuia doksi isiingie mwilini. Jua la mchana linaunguza ngozi kirahisi ukiwa kwenye dawa hii, jifunike.

Uzazi wa mpango, hapana, doksi haina shida hiyo. Inayoharibu ni rifampisini, ile ya kifua kikuu. Ila ukitapika au ukiharisha sana ni habari nyingine.

Sasa nijibu moja. Unapaka nini pamoja na hivyo vidonge?

Dada_Kinondoni
Asante sana dada. Napaka krimu ya kung'arisha madoa, nachanganyiwa saluni.

Famasia_Usiku
Iache, lakini usikae na hilo peke yako. Hizo za kuchanganyiwa saluni mara nyingi zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi usoni yenyewe inazaa chunusi. Unameza doksi asubuhi, jioni unapaka kinachozileta! Ukiacha ghafla uso unaweza kuwaka kwa muda, kwa hiyo nenda na hilo kopo kwa mhudumu wa afya alione. Na madoa meusi doksi haiyatoi, usiendelee kuimeza kwa ajili ya madoa.

BintiMzigua
Haya ndiyo niliyokuwa nataka. Dada Famasia kamuuliza swali moja na kagundua tatizo. Hakudai cheti. Mleta mada, ungefanya hivi kwenye kaunta yako badala ya kugoma, nisingekuwa na ugomvi na wewe.

Kaunta_Dar
Na foleni ya watu kumi nyuma yake, bosi ananiangalia? Maswali hayo yanataka muda, ndiyo maana nataka cheti. Na kwa zile kali kama zako, BintiMzigua, kuna isotretinoini, lakini hiyo hata kwa bahati mbaya sitaiuza bila daktari. Inalemaza mtoto tumboni, na lazima mgonjwa apimwe ujauzito kabla na damu ifuatiliwe. Mkizoea kupata doksi kwa kuvuka barabara, mtataka na hiyo kwa kuvuka barabara.

BintiMzigua
Mtataka nani? Umeanza tena.

Mama_Lishe_Temeke
Mimi bado nipo kwenye mayai. Bwana Mifugo hajanijibu. Nikichemsha yai la kuku aliye kwenye dozi, dawa inakwisha?

Bwana_Mifugo
Mama, kuchemsha kunapunguza kiasi, hakumalizi. Kinga ni kusubiri siku za kwenye pakiti. Muulize anayekuuzia daftari lake.

Kibaha_Mayai
Haya, mimi daftari langu lipo wazi, mama njoo banda hadi banda ulikague. Na Ngosha aje pia, aone hiyo ndoo anayoisema. Aliyetaja wafugaji ni yeye, na tangu nimjibu hajaleta jina la banda hata moja.