Siku moja Guangzhou bila biashara: twende wapi, tule wapi?

Mama Zuu wa Kkoo

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba msaada kwa wanaoijua Guangzhou, sio mambo ya ajenti na kontena maana hayo nshayazoea, nataka mji wenyewe. Kila nikienda huko nalala mtaa wa Xiaobei, asubuhi soko, mchana soko, jioni kupanga mzigo kwa mtu wa kago, kesho yake eapoti. Mtu akiniuliza China kukoje namwelezea maghorofa ya viatu na mikoba basi, sina kingine.

Safari hii mwezi wa kumi nimebakiza Ijumaa nzima haina kazi, ndege Jumamosi, na nimeongozana na wifi yangu ndo mara yake ya kwanza, yeye anataka kupiga picha mpaka simu ijae. Sisi ni watu wa swala kwa hiyo nguruwe hapana. Bajeti ya kawaida tu, na magoti yangu si ya kupanda milima siku nzima. Tunataka kuona mji, kununua zawadi kidogo za nyumbani na kula chakula cha maana sio chipsi za hotelini. Mtupangie basi.

Mzee wa Kago

Dada yangu umepata bahati hata hujijui, Ijumaa ndo siku yenyewe ya Guangzhou kwa mtu wa swala. Nimekaa pale miaka, nakwambia usihangaike kuzunguka mji mzima maana ule mji ni mkubwa vibaya mno, mkianza kuruka kutoka huku kwenda kule siku inaishia kwenye treni. Kaeni upande wa Yuexiu, na nyie mko Xiaobei hapo hapo, hifadhi ya Yuexiu, ile bustani kubwa ya kupumzikia, iko nyuma yenu tu, mnaenda kwa mguu.

Asubuhi ingieni kwenye hifadhi, muone ile sanamu ya kondoo watano ambayo ndo nembo ya mji, wenyewe wana hadithi kwamba malaika watano walishuka wamepanda kondoo wameleta mashuke ya mpunga ndo njaa ikaisha. Wifi atapata picha zake. Juu kidogo kuna mnara mwekundu wa ghorofa tano unaitwa Zhenhai, ulijengwa 1380, lakini kuna ngazi, magoti yakikataa achana nao.

Baada ya hapo tokeni upande wa magharibi, vukeni barabara mwende makumbusho ya mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa huko. Hapo ndo nataka msipite haraka. Mwaka 1983 walikuwa wanachimba kilima wajenge majengo wakaangukia kaburi la mfalme mwenye zaidi ya miaka 2,000, hajaguswa. Alizikwa kavalishwa suti ya vipande 2,291 vya jiwe la jade vimeshonwa kwa uzi wa hariri, yaani kuanzia kichwa mpaka vidole vya miguu, unasimama pale kwenye kioo unaona mpaka soli ya mguu ilivyopangwa kipande kwa kipande. Na humo kaburini walikuta pembe tano za ndovu, wataalamu wao wanasema ni wa Afrika. Mimi nilivyosoma kile kibao nikacheka peke yangu, nikajiambia kumbe hii ruti ya mizigo sio sisi tulioianza.

Mkitoka hapo muda wa swala ya Ijumaa umefika, na msikiti wa Saad bin Abi Waqqas uko karibu kabisa, uko ndani ya bustani yenye miti mikubwa pamoja na kaburi ambalo Waislamu wa kule wanasema ni la huyo sahaba mwenyewe (wanahistoria wana maneno yao, mimi simo). Ijumaa panajaa mpaka watu wanatandika mikeka nje, Wasomali, Waarabu, Wahui (Wachina Waislamu), Wauyghuri (Waislamu wa magharibi ya China), Waafrika Magharibi na makanzu yao, na Wabongo hawakosekani. Nje getini wanapanga vyakula, mishkaki ya kondoo, mikate ya tanuru, nyama, matunda makavu. Mchana wenu umeisha hapo na hamjapanda hata basi.

Kibo_mwanafunzi

Namuunga mkono Mzee wa Kago ila naongezea ya kiteknolojia maana hapo ndo wengi wanakwama. Mama Zuu kama ulizoea kutembea na bunda la noti za kulipia mzigo, ukija kwenye maisha ya mtaani utapata tabu, muuza maji anataka umskani tu. Noti hawaruhusiwi kukataa lakini chenji utasubiri. Weka Alipay, ile programu ya kulipia kwa simu, kabla hujatoka Dar, unganisha na kadi yako ya Visa au Mastercard, inakubali siku hizi. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato, ukizidisha hapo kwa mpigo wanakata asilimia 3. Humo humo kuna msimbo wa kuskani wa kupandia metro, treni ya mjini, nauli inaanzia yuan 2, na kuna Didi ya kuita teksi na kutafsiri maandishi, unapiga picha menyu inakuletea.

WhatsApp na Google hazifungui kwa intaneti ya hoteli hilo unalijua, ukiwasha rominigi ya laini ya nyumbani zinafungua ila bando linakimbia. Na pasipoti msiiache hotelini, makumbusho mengi yanaitaka hata kukata tiketi.

Kingine, msiende wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi!! Kuanzia tarehe 1 nchi nzima iko likizo, hiyo hifadhi itakuwa kama Kariakoo mkesha wa Idi, na viwanda na maduka mengi ya jumla yanafunga. Na kuanzia tarehe 15 maonyesho makubwa ya biashara yanafunguliwa kule Pazhou, bei za hoteli zinapaa. Katikati ya hapo ndo pazuri.

BintiMvita

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, mume wangu ndiye wa biashara, mimi hufuata tu nikazurure kwa hivyo hii ndiyo mada yangu 😂

Dada Mama Zuu, wanaume wamekupangia asubuhi vizuri lakini shopingi hawajakuambia kitu. Yale masoko unayoyajua wewe ya karibu na stesheni ni ya jumla, ukitaka pisi moja moja ama wakatae ama wakupige bei. Zawadi nendeni Beijing Lu (Lu ni barabara), hapo hapo Guangzhou, ni barabara ya kutembea kwa miguu tu, magari hayaingii, maduka huku na huku mpaka usiku. Na katikati ya barabara wameweka kioo chini, ukichungulia waona barabara za zamani zimelaliana tabaka juu ya tabaka za karne nyingi, kila utawala ulijenga yake juu ya ile ya mwenzake. Watu wapita na mifuko yao ya viatu hata hawaangalii!

Kama mwataka vitu vidogo vidogo vya watoto, vibanio, vikatuni, madaftari, mapambo ya harusi, basi Yide Lu. Pia ni jumla lakini wako wengi wa kukuuzia kidogo ukiongeza bei kidogo, wewe ni mfanyabiashara utajua kuongea nao. Lakini wahi kabla ya jioni, maduka ya jumla hufunga mapema. Hapo hapo kuna kanisa kubwa la mawe matupu lililokamilika 1888, la Wafaransa, minara yake miwili yaonekana mbali, wifi atapenda.

Sasa chakula. Wakantoni, wenyeji wa huko, nguruwe wamtia kila mahali, hata kwenye supu ya tambi na maandazi ya mvuke usiyoweza kudhania, na mafuta yake pia, kwa hivyo mikahawa yao ya asubuhi yenye vikapu vya mianzi ni mizuri sana kwa macho lakini kwenu nyinyi ingieni tu iliyo na alama ya kijani ya halali. Iko mingi. Iliyo rahisi kuipata ni ya tambi za Lanzhou, mwamuona mpishi anaunyoosha unga kwa mikono, aukunja, aupiga mezani pa! aunyoosha tena, mara umekuwa nyuzi nyembamba zaingia sufuriani, na supu ya ng'ombe na pilipili juu. Bei haiumizi. Jioni mkila kwa Wauyghuri agizeni pilau yao ya kondoo na karoti, si pilau yetu, haina bizari nyingi, lakini nyama yake laini. Na kitamu ni ile maziwa ya kuganda ya mvuke yenye utando juu, haina shaka yoyote, maziwa na yai na sukari, huuzwa mji mzima.

Fundi Saa

Wadau mnamchosha mama wa watu. Mimi napinga Yide Lu, ukimpeleka mfanyabiashara Yide Lu hatoki, ataanza kuulizia bei ya katoni na siku imekufa. Baada ya swala ya Ijumaa rudini hotelini mlale kidogo, saa kumi na moja mshuke Beijing Lu, magharibi mpande metro laini ya 5 kutoka Xiaobei mpaka Zhujiang New Town bila kubadilisha. Mkitoka tu mko kwenye uwanja wa Huacheng, maghorofa yamewazunguka yamewaka taa, tembeeni kuelekea mtoni mpaka muone mnara wa Canton Tower ng'ambo, mita 600 ule, umejikunja kiunoni unabadilisha rangi.

Kuupanda sishauri. Tiketi ni ghali, foleni ndefu, na ukiwa juu yake huuoni wenyewe. Kuangalia kutoka ng'ambo ni bure. Msichelewe sana tu, taa wanazima na treni za mwisho ni karibu saa tano usiku.

Mama Zuu wa Kkoo

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Fundi Saa umenijulia wapi, ni kweli nikiona katoni akili inahama 😂 Wifi kasoma hapa kasema yeye meli ya usiku mtoni ndo anaitaka, kaona watu mitandaoni. Zinafaa au ni kupigwa tu? Na Mzee wa Kago, wanawake kwenye ule msikiti tunapata nafasi?

Mzee wa Kago

Nafasi mnapata, wahini tu na vaeni viatu vya kuvua haraka. Meli zipo, nyingi zinaondokea gati za Dashatou na Tianzi, zinawapitisha chini ya madaraja yenye taa mpaka kwenye mnara na kurudi, ni nzuri. Ila kama hela inabana kuna boti za kawaida za abiria zinazovusha watu mto kwa yuan chache, mwisho wake ni jioni jioni, maji ni yale yale na upepo ni ule ule. Mwambie wifi akae upande wa nje.

BintiMvita

Na achukue jaketi, mtoni usiku kuna upepo. Mama Zuu ukipita Beijing Lu ukiona viatu vya wazi vya ngozi saizi 39 nitumie picha, nakuja inbox.