MREJESHO: Wiki tatu Palm Springs na gari la kulala

Wakuu, niliuliza hapa kama mimi na mama watoto, wastaafu wote, tutaweza Januari jangwani California ndani ya gari la kulala bila kuganda usiku. Tumeweza. Mchana fulana, usiku blanketi mbili. Aliyesema nibebe hita ndogo, Mungu ambariki.

Ila upepo hamkunitajia! Usiku wa pili turubai la kivuli lilichomoka, nikalikimbiza na msuli kiunoni, majirani wanacheka.

Tramu ya angani (kibanda kinachopanda mlimani kwa kamba za chuma) tulipanda: dakika kama 10, sakafu ya kibanda inajizungusha, huko juu karibu mita 2,600 tukakuta theluji. Mama watoto akagoma kushuka. Alhamisi jioni tukazurura sokoni barabara ya Palm Canyon, mjini. Tende za bonde la Coachella, ulipo mji wenyewe, tumebeba kilo tano, zimebaki mbili.